Uzee hauna dawa, presha je?

Kuna neno limezoeleka sana mitaani kwetu, kuanzia Mbagala na Tandika mpaka Mwananyamala na Tandale, nalo ni "presha ya uzee". Mama anavimba miguu, watu wanasema ni uzee. Baba hawezi tena kulala chali, usiku kucha ameegemea ukuta anatafuta pumzi, watu wanasema ni uzee. Anapelekwa zahanati, anakutwa na 190 kwa 100, karatasi inasomwa na mtu mzima mwenye akili zake timamu, kisha anatoa hukumu kwamba kwa umri wake lazima ipande. Karatasi inakunjwa, inawekwa chini ya godoro, na maisha yanaendelea mpaka siku mdomo utakapokwenda upande.

Neno hili lingebaki barazani nisingesumbuka kuliandikia makala. Lakini limeingia msikitini, tena limevaa kanzu. Katika darsa ninayosomesha baada ya swala ya Magharibi tulifika kwenye hadithi mashuhuri ya Usama bin Sharik (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa yake, isipokuwa mmoja tu. Walipouliza ni upi, akawajibu kuwa ni uzee.

Mzee mmoja wa miaka sabini na ushee, ambaye hakosi safu ya mbele, akanyoosha mkono. "Ustaadh, mwanangu," alisema kwa utaratibu, "umeshajijibu mwenyewe. Mtume amesema uzee hauna dawa. Sasa hawa watoto wanaonihangaisha kila mwezi na vidonge vya presha wanatafuta nini?" Darsa zima likacheka, na wazee wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Hoja ile haistahili kuchekwa. Aliyeitoa anajua anachokisema, na hadithi aliyoishika ni sahihi. Ndani yake mna madai mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza, kwamba presha ya mzee ni sehemu ya uzee wake. La pili, kwamba hata ikiwa ni ugonjwa, mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi halazimiki kuhangaika nao. La kwanza ni suala la tiba, na tusilikimbize haraka kwa kuwa hata matabibu wenyewe walilikosea kwa muda mrefu.

Miaka mia moja iliyopita madaktari wa Ulaya na Marekani walifundishana kuwa mtu anavyozeeka mishipa yake inakuwa migumu, hivyo mwili wenyewe unapandisha presha ili damu ifike inakotakiwa. Ndiyo maana wakaipa jina lenye maana ya presha "ya lazima", na wengine wakawa na kanuni kwamba presha ya kawaida ni 100 ukijumlisha na umri. Kwa hesabu hiyo mzee wa miaka 80 mwenye 180 ni mzima kabisa. Paul Dudley White, mmoja wa mabingwa wakubwa wa moyo wa Marekani, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1931 kuwa huenda presha ya juu ni njia ya mwili kujisaidia, na kwamba isiguswe hata kama tungekuwa na uwezo wa kuishusha. Na uwezo wenyewe haukuwapo. Rais Franklin Roosevelt alipimwa mwaka 1944 akakutwa na 186 kwa 108, na mwezi Aprili 1945 alianguka kwa damu kuvuja ubongoni huku presha yake ikisoma 300 kwa 190. Alikuwa na umri wa miaka 63, rais wa taifa lenye nguvu kuliko yote, na daktari wake hakuwa na kidonge cha maana cha kumpa.

Kwa hiyo babu zetu waliosema "presha ya uzee" hawakuwa wajinga. Walisema waliyoyasema mabingwa wa wakati wao. Tofauti ni kuwa mabingwa walibadilika baada ya kuona ushahidi, sisi tukabaki na neno.

Tuangalie basi presha inaufanya nini moyo. Moyo ni msuli. Chumba chake cha chini upande wa kushoto ndicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, na kinafanya hivyo zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Presha ikiwa juu, kila pigo ni mzigo wa ziada. Msuli ule unafanya kile unachofanya mkono wa mbeba mizigo wa Kariakoo, unanenepa. Lakini mkono ukinenepa ni nguvu, moyo ukinenepa ni mwanzo wa udhaifu. Ukuta wake unakuwa mgumu, hautanuki vizuri kupokea damu, na mishipa midogo inayoulisha inashindwa kuutosheleza. Damu iliyotakiwa kuingia inarudi nyuma na kujaa kwenye mapafu, ndipo mzee anapokosa pumzi akilala chali na kushtuka usiku wa manane akitaka dirisha lifunguliwe. Maji yanatuama miguuni, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Baadaye ukuta unachoka na kulegea, na hapo ndipo majirani wanaposema ana moyo mkubwa. Kwa wengine vyumba vya juu navyo hutanuka, mapigo yanapoteza mpangilio, damu inaganda ndani yake, na donge likichomoka linapanda ubongoni. (Katika hatua hii ndipo baadhi yetu tunapoanza kutafuta ni jirani gani aliyemroga.)

Sasa katika hayo yote, uzee uko wapi? Upo, sikatai. Kukakamaa kwa mishipa kunakuja na umri, na hakuna kidonge kitakachoirudisha mishipa ya mzee kuwa ya kijana wa miaka 20. Hicho ndicho ambacho hadithi imekitoa, na imesema kweli. Ama presha inayotokana na mishipa hiyo, hiyo inashushika, na ikishushwa moyo unapumzika. Mtoto wa jicho naye anakuja na umri, lakini sijasikia mtu akisema kuwa mama yake abaki kipofu kwa kuwa hadithi imeutoa uzee. Tunampeleka CCBRT pale Msasani, anatolewa, anarudi anasoma msahafu. Kwa nini jicho liwe ugonjwa na moyo uwe uzee? Nadhani jibu ni kwamba jicho linaonekana.

Swali la kama kuna faida kumpa dawa mtu aliyekwisha vuka miaka 80 lilikuwa gumu hata kwa madaktari, na wengi walisita. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliojulikana kwa jina la HYVET, ulioongozwa kutoka London, uliochukua wazee 3,845 wa miaka 80 na zaidi wenye presha ya juu ya 160 au zaidi. Wengi walitoka Ulaya ya Mashariki na China, na 70 walitoka Tunisia. Nusu walipewa kidonge rahisi cha kukojoza maji, wakiongezewa kingine kila ilipohitajika ili presha ishuke kufikia 150 kwa 80, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu tofauti ilikuwa imeshaonekana. Kwa waliotumia dawa, kushindwa kwa moyo kulipungua kwa asilimia 64, vifo vya kiharusi kwa asilimia 39, na vifo vya kila aina kwa asilimia 21. Yaani katika yote, kilichonufaika zaidi ni moyo.

Kwetu hapa nako kuna ya kusema. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta sababu inayoongoza ni presha, asilimia 45. Wastani wa umri wa wagonjwa wale ulikuwa miaka 55. Kwa hiyo huyu anayeitwa mzee wa presha mara nyingi ni mtu ambaye presha ilimwanza akiwa bado anasomesha watoto, na alipofika uzeeni moyo ulikuwa umeshafanya kazi ya ziada miaka ishirini bila yeye kujua.

Nakuja kwenye dai la pili, ambalo ndilo la watu wa darsa. Je, mzee analazimika kujitibu? Hapa lazima tuwe waadilifu kwa wanazuoni wetu. Wengi wao wa zamani hawakusema kujitibu ni wajibu. Walisema kunaruhusiwa au kunapendekezwa, na moja ya dalili zao ni kisa cha yule mwanamke mweusi mwenye kifafa, kilichomo kwa Bukhari na Muslim. Alimuomba Mtume (s.a.w.) amuombee dua, naye akamkhiyarisha kati ya kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa apone. Mwanamke yule akachagua subira, ila akaomba asifunuke mwili anapoanguka. Kama kujitibu kungekuwa wajibu kwa kila mtu na kwa kila ugonjwa, wanasema, asingepewa hiari hiyo.

Lakini msomaji atazame kwa nini walisema hivyo. Imam Ghazali katika Ihyaa, kwenye mlango wa tawakkul, ameyagawa mambo yanayoondoa madhara katika mafungu matatu. Kuna la yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuliacha hilo hakuitwi tawakkul, na mtu akiwa anahofia kufa, kuliacha ni haramu. Kuna la dhana yenye nguvu, na humo akaweka kupiga chuku na dawa za matabibu wa zama zake. Kulitumia hakupingani na tawakkul, na kuliacha si haramu. Na kuna la kubahatisha, kama kuchoma mwili kwa chuma cha moto. Hukumu basi ilifuata kiasi cha uhakika wa dawa. Imam alifariki mwaka 1111, na dawa za wakati wake zilikaa pale alipoziweka kwa sababu ndivyo zilivyokuwa.

Dawa ya presha ikae fungu gani? Mwaka 1931 haikuwamo hata katika la tatu. Mwaka 1967 majaribio ya Marekani kwa watu wenye presha kali yaliiweka katika la pili kwa watu wa makamo. Mwaka 1991 utafiti mwingine wa huko huko, kwa watu zaidi ya 4,700 wa miaka 60 na kuendelea, ulionyesha kiharusi kikipungua kwa zaidi ya theluthi. Mwaka 2008 ikafika kwa wa miaka 80. Sisemi imekuwa kama maji kwa mwenye kiu, maana wapo wanaomeza kila siku na bado wanapata kiharusi. Nasema iko juu kabisa ya fungu la pili, imeuegemea mpaka wa la kwanza. Kauli ya Ghazali iko pale pale, kilichohama ni dawa.

Na wanazuoni wa zama zetu wameliona hilo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwezi Mei 1992, lilipitisha azimio namba 67 kuhusu matibabu. Liliamua kuwa asili ya kujitibu ni jambo la kisheria linaloruhusiwa, kisha likafafanua. Ni wajibu ikiwa kuacha kunapelekea kuangamia nafsi, au kiungo, au ulemavu, au ugonjwa ni wa kuambukiza. Kunapendekezwa ikiwa kuacha kunadhoofisha mwili. Ni mubaha kwa yasiyofikia hapo. Na ni makruhu ikiwa inahofiwa kuwa matibabu yataleta madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Mzee mwenye 190 kwa 100 ambaye miguu imeanza kuvimba yuko wapi katika daraja hizo? Mimi sioni pa kumweka isipokuwa pale penye neno ulemavu.

Neno hilo ndilo linalovunja hoja ya "kufa ni kufa tu". Mzee anayesema ajali yake imeandikwa, haitangulii wala haichelewi saa moja, amesema kweli na hiyo ni imani yetu. Khalifa Umar (r.a.) naye aliiamini alipogeuza msafara wake usiingie Sham penye tauni, akaulizwa na Abu Ubayda kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, akajibu kuwa anatoka kwenye kadari anakwenda kwenye kadari. Lakini zaidi ya hapo, anayesema hivyo anadhani presha ina kazi moja tu, kuua. Mara nyingi haiui. Inamwacha mtu.

Inamwacha katika chumba cha kupanga Tandika au Buza, choo kiko uani, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Kumgeuza asipate vidonda, kumsafisha na kumlisha kunamwangukia binti aliyeacha genge lake, au mke wa mtoto, maana sisi wanaume tunakuja jioni na machungwa. Nilimzuru mzee mmoja aliyesomesha Qur'ani mtaani kwake kwa miaka mingi. Kiharusi kilimfunga ulimi. Wanafunzi wake walimsomea Yasini, naye machozi yakimtiririka, mdomo ukijaribu kufuata aya anayoijua kuliko sisi sote, na sauti haitoki. Mwenyezi Mungu hatamuuliza kwa asichokiweza, na subira yake ina malipo. Ila mtu asiniambie kuwa kumeza kidonge asubuhi kwa ajili ya kujilinda na hali ile ni kupigania dunia.

Si jambo la nadra. Takwimu za vifo zilizokusanywa miaka ya 1990 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini zilionyesha kuwa vifo vya kiharusi kwa watu wa chini ya miaka 65 vilikuwa mara kadhaa ya vile vya Uingereza, na Dar es Salaam ndiyo iliyoongoza kati ya maeneo hayo matatu. Watafiti waliona sababu inayowezekana zaidi ni presha isiyotibiwa. Utafiti mwingine wa Ilala na Hai uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kuwa kati ya wenye presha, chini ya mmoja katika watano alijua kuwa anayo, mmoja katika kumi alikuwa kwenye matibabu, na walioweza kuidhibiti hawakufikia hata asilimia moja.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Hapa hapa Dar es Salaam watu wa kati ya miaka 25 na 64 walipimwa, na wale ambao presha yao ilikuwa juu tena na tena, bila dawa, wakashauriwa waende kituo chochote cha afya wanachokipenda. Mwaka mmoja baadaye walifuatwa 161 kati yao. Waliokwenda walikuwa asilimia 34. Waliokuwa bado wanatumia dawa mwisho wa mwaka walikuwa asilimia 3. Walipoulizwa kwa nini, sababu zilizotajwa zaidi zilikuwa mbili, hawasikii kuumwa na gharama ya dawa. Hakuna lililotangulia zaidi ya hayo, na tawakkul haimo katika hizo mbili.

Hili limenifanya nijiulize mzee anaposema "niacheni, nimeshaishi" anamaanisha nini hasa. Naamini wengi wanamaanisha pesa. Mzee anajua kijana wake anaendesha bodaboda ya mkataba. Anajua mjukuu amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Anagawa vidonge, leo anameza, kesho anaruka, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, na akiulizwa anajibu kwa maneno ya dini kwa sababu maneno ya dini yanamhifadhia heshima yake. Tunayapokea haraka haraka maneno hayo, tunasema mzee ana imani kubwa, na roho zetu zinapata nafuu.

Turudi kwa yule mwanamke mwenye kifafa. Mambo mawili yaliwekwa mbele yake, na yote mawili alikuwa na uwezo wa kuyapata. Angesema anataka kupona, dua ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa tayari. Ndipo akachagua. Mzee asiyejua ana presha, au asiyejua kuwa inashushika, au anayejua lakini dawa hana, hajachagua subira. Amekosa tu. Kuyaita mawili haya kwa jina moja ni kumdhulumu mwanamke yule na kumdhulumu mzee pia.

Na hapa watoto wana la kujibu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani tunayafuata, nafaka ya mzazi asiyejiweza juu ya mtoto mwenye uwezo ni ile ya kumtosheleza, na vitabu vimehesabu ndani yake ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Haikuwekwa kama hisani. Dawa nyingi za kawaida za presha si za bei ya kutisha, tatizo lake ni kuwa hazina mwisho, na sisi tumezoea kuchangia jambo lenye mwisho. Kundi la WhatsApp la ukoo linakusanya fedha ya sanda, jeneza, mabasi na pilau jioni moja. Kundi hilo hilo lingeulizwa nani anunue vidonge vya mama vya mwezi ujao, simu zote zingekuwa hazina chaji.

Serikali nayo isikwepe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imetamka matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na hospitalini dirisha la wazee lipo, bango lipo. Wengi wanayajua yanayofuata, daktari ni bure, kipimo pengine bure, dawa imeisha kanunue nje.

Nimesema kwa upande wa dawa, lakini azimio la Jeddah lina lile fungu la makruhu, na katika uzee lina uzito wake. Mzee akishushwa presha kupita kiasi anaona giza akisimama, anaanguka bafuni akitawadha, nyonga inavunjika, na hajanyanyuka tena. Wazee wa HYVET walikuwa na siha kiasi kwa umri wao. Utafiti uliofanyika Ufaransa na Italia kwa wazee dhaifu zaidi wanaoishi kwenye nyumba za kulelea, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta kuwa wale ambao presha yao ya juu ilikuwa chini ya 130 huku wakitumia dawa mbili au zaidi walikufa zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo mzee apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama. Aanzishiwe kidogo, apandishwe taratibu. Na yule aliyekwisha kuwa kitandani, hamjui mtu, chakula hakipiti, sioni dhambi kwa daktari na familia kukaa na kupunguza vidonge, pengine kuviacha. Hapo ndipo hadithi ya uzee inapotimia. Kosa letu ni kuipeleka kwa mtu ambaye bado anatembea kwa miguu yake kwenda msikitini.

Vile vile mzee mwenye akili timamu hashikwi pua akameza. Azimio lile lile limesharutisha idhini ya mgonjwa. Akishaelezwa akaelewa, dawa ikawa ipo mbele yake, hakuna anayemsimanga gharama, kisha akasema hataki, hilo ni lake na Mola wake. Ninachokataa ni kumuuliza huku tumeficha nusu ya swali.

Ramadhani huwa na maswali yake. Wapo wanaoacha dawa mwezi mzima kwa kuhofia kufungua, wakati dawa nyingi za presha siku hizi ni za mara moja kwa siku na zinahamishika kwenda futari au daku kwa ushauri wa daktari. Mwenye dawa za kukojoza maji aongee naye mapema, Shaabani, si siku ya kumi baada ya kuzimia. Na mzee ambaye saumu inamdhuru ameruhusiwa kula na kutoa fidia ya kumlisha masikini kwa kila siku, asione haya ya wajukuu.

Limebaki la misikiti yetu. Zaka yetu inatoka Ramadhani, na inatoka kwa mchele, sukari na tende. Mzee fukara mwenye presha yumo katika mafungu ya wanaostahiki, lakini shida yake ina miezi kumi na miwili. Nimependekeza kwa kamati ya msikiti wetu tukubaliane na duka la dawa la mtaani, mzee apeleke karatasi ya daktari achukue dozi ya mwezi, kamati ilipe. Masheikh wenzangu wamepinga kwa hoja ya elimu, kwamba zaka sharti mstahiki amilikishwe mwenyewe na isicheleweshwe, na baadhi wanaona tukimpa dawa badala ya mali yake tumemchagulia. Hoja hiyo ina uzito na bado tunaijadili. Sanduku la sadaka la Ijumaa, hata hivyo, halina sharti hilo, na kwa sasa tumeanza na humo kwa wazee sita.